Kenge mkali wa uani: uchambuzi wa kisa kimoja, Unguja

Majina ya watu, shehia na tarehe yameondolewa. Vipimo vyote ni vya mnyama huyo na banda lake.

Usuli

Familia moja ya Wilaya ya Kati, Unguja, ilimfuga kenge wa maji, Varanus niloticus, tangu akiwa kitoto. Alipatikana kwenye mtaro uliopakana na bonde la mpunga, mweusi, mwenye safu za madoa ya njano, urefu wake wote haufiki rula ya skuli. Watoto wakamtia ndani ya ndoo. Baba yao akaahidi kumrudisha kesho yake, na kesho hiyo haikufika.

Mwaka wa kwanza hakusumbua mtu. Alishikwa, akawekwa begani, akapigwa picha. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kitoto cha kenge kinachotulia mkononi huwa kimeganda kwa woga, kwa sababu kwa umbo lake hana silaha nyingine. Akifika urefu wa mita moja ana mkia unaochapa, kucha za kuchimbia, taya zinazovunja kaa, na choo anachomrushia anayemshika. Watu husema "kabadilika". Woga ni uleule wa siku ya kwanza, kilichoongezeka ni uwezo.

Msaada ulipoombwa alikuwa na sentimita 112 kutoka puani hadi ncha ya mkia, 44 kati ya hizo zikiwa za kiwiliwili na kichwa. Uzito kilo 1.4, mifupa ya nyonga ikionekana. Ndani ya miezi miwili alikuwa ameshauma watu watatu. Wa mwisho ni binti wa miaka kumi na miwili aliyetia mkono kutoa bakuli la maji, akashonwa nyuzi nne. Majirani wakashauri auawe, mwengine akashauri akatwe meno. Mama wa nyumba alimwambia mshauri aliyeitwa: "Maalim, mie simtaki. Lakini wanangu washamzowea, yeye ndiye hajawazowea wao." Kisa chote kimo ndani ya maneno hayo.

Hali ilivyokutwa

Banda lilikuwa sanduku la mbao lenye wavu wa kuku, sentimita 120 kwa 60, kimo 60. Mnyama alikuwa karibu sawa na urefu wa nyumba yake, hawezi kugeuka bila kukunja mkia. Lilikaa chini ya mwembe, kwenye sakafu ya saruji, ubavuni mwa jiko, watu wakipita pande mbili tangu alfajiri. Halikuwa na mahali popote pa kujificha.

Mlango ulikuwa juu. Hilo lingetosha peke yake kuharibu kenge mpole. Maadui wa kenge mdogo, mwewe na korongo, humshukia kutoka angani. Kila mkono ulioleta chakula au maji uliingia kwa njia hiyohiyo. Na juu ya wavu walikaa kunguru wa uani, wakingoja mabaki ya samaki na kumdonoa mkia kila ulipogusa tundu. Mkia ulikuwa na vidonda vitano vya namna hiyo. Pua nayo ilikuwa imechubuka kwa kusugua wavu.

Saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda, sakafu ilikuwa nyuzi 27 za Selsiasi na sehemu yenye joto kuliko zote nyuzi 31. Kenge wa maji anahitaji mwili wake ufike karibu nyuzi 35 ndipo akimbie vizuri, asage chakula na apambane na maradhi. Chini ya hapo miguu haimfikishi mbali, na mjusi asiyeweza kukimbia hubadili mbinu: anasimama, anatuna, anachapa, anauma. Familia ilidhani wamemweka penye baridi "apunguze hasira". Walikuwa wakiiongeza.

Chakula kilikuwa utumbo wa kuku, vichwa vya samaki na dagaa wakavu. Dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, chumvi isiyomfaa mnyama huyu. Utumbo hauna mifupa, kwa hiyo hauna kalsiamu ya maana. Vidole vya mguu wa nyuma vilitetemeka aliponyanyuliwa, dalili ya mwanzo ya upungufu wa kalsiamu.

La mwisho ni mazoezi. Kila jioni baba alivaa glovu za ngozi, akamkamata shingo na mkia, akamfunga kamba ya nailoni kiunoni na kumshika "mpaka azoee". Baada ya kama dakika kumi kenge alilegea kama gunia tupu, na hapo familia ikahesabu ushindi. Misuli ya mjusi mkubwa hupigana kwa nguvu kubwa ya muda mfupi bila oksijeni ya kutosha, kisha asidi hujaa na mwili huishiwa. Aliyelegea hivyo hajakubali chochote. Amechoka, na kesho yake anakumbuka kwamba glovu ile ikija, ni vita.

Tusiwalaumu sana. Methali inasema sikio la kenge halisikii mpaka litoke damu, na mwenye kuishi na methali hiyo ataona kipigo ni somo. Tundu la sikio la kenge liko wazi nyuma ya taya na linasikia vizuri. Huyu alijua mlio wa mlango wa banda kuliko watoto wa nyumba.

Kuujua ukali kabla ya kuutibu

Kwa siku mbili hakuguswa. Kazi ilikuwa kumtazama na kuandika nini hutangulia kila shambulio, kwa sababu kuna ukali wa aina tatu na kila mmoja una dawa yake.

Ukali wa kujikinga huja na tangazo. Koo linatuna, mwili unapanuka na kubanwa upande, pumzi inatoka kwa mlio mrefu, mkia unakunjwa ubavuni tayari kuchapa. Kuumwa ni hatua ya mwisho, na hutokea kwa asiyesikia tangazo. Huu ulikuwa sehemu kubwa ya kisa.

Ukali wa mlo hauna tangazo hata kidogo. Ulimi unatoka harakaharaka, kichwa kinainuka, macho yanakaza, kisha anaruka. Hamchukii mtu, anakiona kidole kuwa chakula. Binti aliyeumwa alikuwa ametoka kuparuza samaki.

Ukali wa maumivu hutokea sehemu fulani tu ya mwili ikiguswa. Huyu alizunguka na kufungua mdomo kila kilipoguswa kiuno palipochanwa na kamba. Hapo hakuna mazoezi yatakayosaidia mpaka kidonda kipone.

Ishara moja hudanganya watu wengi: kenge aliyefumba macho na kutulia mtu akiwa karibu. Huyo hajasinzia. Anayejisikia salama huweka macho wazi na kuutoa ulimi taratibu, kila baada ya muda.

Uamuzi wa kwanza: arudishwe au abaki

Kabla ya msumari kupigwa, mfugaji alikwenda ofisi ya misitu ya wilaya. Wanyamapori wa Zanzibar wako chini ya Sheria ya Misitu Nam. 10 ya 1996, na kenge wa maji yumo pia katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe. Mtu asianze kutengeneza banda kabla ya kuzungumza na wenye mamlaka. Akikataliwa, kazi yote imepotea, na mnyama naye.

Kumrudisha bondeni siku ileile kulipendekezwa, kukakataliwa kwa sababu mbili. Alikuwa dhaifu na ana vidonda. La pili ni zito zaidi: alishajifunza kuwa mtu huleta chakula. Kenge anayekwenda mbio kumfuata binadamu kwenye shehia yenye kuku kila nyumba hamalizi wiki. Ikakubaliwa abaki mpaka apone, atazamwe upya baadaye, asiuzwe, asisafirishwe nje ya kisiwa, asionyeshwe wageni kwa malipo.

Lengo nalo likashushwa. Familia ilitaka kenge wa kubebwa. Ikapewa lengo jengine: kenge anayeingia kwenye sanduku mwenyewe akiitwa, anayekula bila kumlenga mtu, anayeacha banda lisafishwe. Kushikwa kukaondolewa kabisa kwenye hesabu. Baba hakufurahi.

Nyumba

Banda jipya lilikuwa mita 2.4 kwa 1.2, kimo mita 1.5, kipimo kilichochaguliwa kwa kuwa kinalingana na ubao kamili wa plaiwudi wa futi nane kwa nne. Kwa kenge wa ukubwa huu hicho ni cha chini. Urefu wa banda usipungue mara mbili ya urefu wa mnyama, upana usipungue mara moja.

Wavu wa kuku ulitupwa. Kenge huuchana kwa kucha, na tundu zake zinapitisha pua na mdomo wa kunguru. Ulitumika wavu wa kuchomelewa wa tundu za nusu inchi, ukafukiwa sentimita 40 ardhini na kuzungushiwa matofali, kwani kenge ni mchimbaji. Ndani kukajazwa udongo uliochanganywa na mchanga, kina cha sentimita 35, ukinyunyiziwa maji ili ushike shimo bila kuporomoka. Chumvi ya mchanga wa pwani iliondolewa kwa kuuosha mara tatu.

Mlango uliwekwa ubavuni, usawa wa goti. Theluthi moja ya paa ilifunikwa makuti mazito, kunguru wasione kilicho chini. Chini yake likakaa pango la mbao lenye mdomo wa sentimita 15: kenge hujisikia salama mgongo ukigusa dari. Pango kubwa kama chumba halina kazi. Pande mbili zilizotazama jiko zikapigwa jamvi hadi kimo cha mita moja.

Upande wa mashariki ukaachwa wazi kwa jua la asubuhi. Familia ilitaka kuweka kioo ili kuzuia mvua, ikazuiwa, kwa sababu kioo hukata miale ya UVB ambayo mnyama huitumia kutengeneza vitamini D3, na bila hiyo kalsiamu ya chakula hupita bure. Jua la Unguja linatosha, hapakuwa na haja ya taa wala kumaliza umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla.

Mahali pa kuota jua palijaribiwa mara mbili. Jiwe jeupe la matumbawe lilifika nyuzi 41 tu, kwa sababu weupe wake hurudisha mwanga. Vigae vya udongo vilivyovunjika, vikipangwa juu ya gogo la mkoko, vilifika nyuzi 54 saa nne na nusu. Hicho ndicho kinachotakiwa: uso wa nyuzi 50 hadi 60 sehemu moja, na kivuli cha nyuzi 26 hadi 28 upande wa pili, achague mwenyewe. Kipimajoto cha paji la uso kilichobaki nyumbani tangu wakati wa Uviko hakifai. Kimetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu na hukataa kusoma zaidi ya nyuzi 43 hivi. Kiliazimwa cha mafundi wa mafriji.

Maji yalitiwa kwenye pipa la plastiki la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, likafukiwa mpaka ukingoni, na tundu la kutolea maji lenye kizibo. Kenge wa maji hunya majini. Maji yasiyobadilishwa kila siku ni vidonda vya ngozi ndani ya mwezi.

Adui mmoja husahauliwa na wanaosoma maelekezo ya nchi za baridi: siafu. Mnyama aliyefungiwa hawezi kuwakimbia. Kichaka kilikatwa mita mbili kuzunguka banda na majivu yakamwagwa kwenye msingi kila mvua ilipokatika.

Chakula na afya

Daktari wa mifugo alipima choo, akakuta minyoo, akaandika fenbendazole kwa uzito: miligramu 50 kwa kila kilo, yaani miligramu 70, ambazo kwa dawa ya maji ya asilimia 10 ni mililita 0.7. Ikarudiwa baada ya wiki mbili. Asiyepima uzito asikisie kwa dozi ya mbuzi. Kidonda cha kiuno kilisafishwa kwa ayodini iliyozimuliwa.

Mlo ukawa mara tatu kwa wiki, gramu 60 hadi 80 kila mara: kaa wadogo na magamba yao, panzi na mende waliokamatwa mbali na nyumba zilizopuliziwa dawa, samaki mzima mdogo aliyechemshwa kidogo bila chumvi, yai moja kwa wiki. Samaki wabichi wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiua. Panya walikubaliwa wa mtego tu, kamwe si wa sumu, kwa kuwa sumu ya panya humfuata amlaye. Konokono wakubwa walipendekezwa, kwa sababu kenge anawapenda mno, lakini walichemshwa kwanza na watoto wakakatazwa kuwagusa. Hubeba minyoo inayoweza kumdhuru mtu.

Siku za nyama isiyo na mfupa, robo kijiko cha chai cha unga wa maganda ya mayai kilinyunyizwa juu. Mfupa wa dome unaookotwa ufukweni, ukiroweshwa kutoa chumvi na kukwaruzwa, unafanya kazi hiyohiyo.

Wiki tano za kutoguswa

Baada ya kuhamishiwa banda jipya, kenge alijichimbia na hakuonekana siku nne. Baba alitaka kumfukua. Akaambiwa asubiri, na hii ni amri ya kutiiwa hata mtu akihisi mnyama amekufa: kumfukua mara moja kunafuta kazi ya wiki nzima, kwa sababu shimo nalo linakuwa si salama.

Mtu mmoja tu, mtoto mkubwa wa kiume, alipewa kazi. Alikaa kwenye kiti kifupi, mita tatu kutoka bandani, saa tatu asubuhi kenge anapoota jua, dakika ishirini, bila kumkazia macho. Fulana yake iliyovaliwa bila sabuni ya manukato iliwekwa karibu na mdomo wa pango, ikabadilishwa kila wiki. Kenge huujua ulimwengu kwa ulimi. Harufu inayokaa bila kuleta madhara ndiyo utambulisho wake wa kwanza.

Kiti kilisogezwa nusu mita kwa wakati, na sharti moja tu: kenge asiache kuota jua. Koo likituna, kiti kinarudi nyuma na kikao kinaisha hapo. Msaada mkubwa ulikuwa kumpa mnyama njia ya kukataa. Alipoona kwamba kutuna koo kunatosha kumwondoa mtu, hakuhitaji tena kuuma. Wengi hapa huuliza kama huko si kumfundisha kuwa jeuri. Kwa mnyama anayejikinga ni kinyume chake: onyo dogo likisikilizwa, hakuna sababu ya kutoa kubwa.

Fimbo nyekundu na sanduku

Wiki ya sita mazoezi yenyewe yakaanza. Vifaa vilikuwa vitatu. Fimbo ya sentimita 90 yenye kizibo chekundu cha chupa. Koleo la mkaa, refu, ncha zake zimefungwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili meno yasivunjike kwenye chuma. Sanduku la mbao la sentimita 130 kwa 30, lenye milango miwili ya kuteleza.

Kizibo kilionyeshwa sentimita 30 mbele ya pua. Ulimi ulipokigusa, koleo lilileta kipande cha kaa kutoka upande wa pili, chini, kamwe si kutoka juu. Mara tano, kisha basi. Kikao hakikuzidi dakika tano, mara tatu kwa wiki, siku za mlo tu. Kenge hujifunza upesi kuliko mijusi wengi, na huyu aliifuata fimbo mita nzima kwenye kikao cha nne.

Faida ya fimbo si kumfundisha mchezo. Inamwambia lini kuna chakula na lini hakuna. Kabla yake kila mkono ulikuwa labda chakula. Baada yake, kisichokuwa na wekundu si cha kuliwa. Ukali wa mlo hutulizwa kwa njia hiyo.

Sanduku liliwekwa bandani milango wazi, na mlo wote ukahamia ndani yake. Wiki mbili baadaye mlango mmoja ulishushwa kwa sekunde moja na kufunguliwa akiwa bado anatafuna. Kisha tano, kisha thelathini. Siku alipogeuka na kugonga mlango, wakarudi kwenye sekunde moja kwa vikao vitatu. Mwisho alikaa dakika kumi na tano, muda unaotosha kusafisha banda au kumpima uzito pamoja na sanduku.

Wiki ya kumi na moja

Ami wa watoto alikuja kutembea, akasikia kenge kawa mpole, akapitisha kipande cha samaki kwa vidole kwenye tundu la mlango. Fimbo haikuwepo. Akaumwa kidole cha shahada, na kenge hakuachia.

Silika ya kila mtu ni kuvuta. Taya za kenge hubana zaidi kinachovutwa, na kuvuta ndiko kunakochana. Baba safari hii alijua: alimwambia ndugu yake ashushe mkono mpaka miguu ya kenge iguse ardhi, kisha akadondosha siki pembeni ya mdomo wa mnyama. Akaachia. Kidole kilioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa, kikaachwa bila kufungwa kwa kubana, na hospitali wakampiga sindano ya pepopunda. Kenge hana kichaa cha mbwa, maradhi hayo ni ya wanyama wanyonyeshao; anachoweza kuleta ni usaha na salmonela, bakteria wa kuharisha. Kwa sababu ya salmonela, vyombo vyake vina ndoo yake na haviingii jikoni, na watoto chini ya miaka mitano hawamkaribii.

Kenge hakuadhibiwa. Kikao kilichofuata kilifanyika siku yake kama kawaida. Banda likapata kufuli, na funguo akabaki nayo mtu mmoja.

Matokeo

Baada ya miezi minane uzito ulikuwa kilo 2.1, nyonga zimejaa, mtetemo wa vidole umekwisha. Kovu la kiuno limebaki. Tangu ami kuumwa hakuna mwengine aliyejeruhiwa. Anaitikia fimbo kwa kijana na kwa mama, aliyejifunza baadaye na sasa ndiye mwenye mkono mtulivu kuliko wote. Kwa baba bado hutuna koo, hata asipovaa glovu. Mgeni akikaribia huingia shimoni, na hilo ni jambo jema: amerudi kukimbia badala ya kupigana.

Kubebwa habebeki. Msimu wa kusi, asubuhi za mawingu, hukaa siku mbili au tatu bila kutaka fimbo, na familia imejifunza kutomlazimisha.

Uchambuzi

Ukiulizwa nini hasa kilimtuliza, jibu lisianzie kwenye fimbo. Koo lilipungua kutuna ndani ya wiki tatu za banda jipya, kabla ya zoezi lolote. Joto, pango, mlango wa ubavuni na kuondoka kwa kunguru vilifanya zaidi ya nusu ya kazi. Mwenye kenge mkali na pesa kidogo atumie pesa hizo kwenye wavu na vigae. Fimbo haina gharama.

Mtu mmoja kukabidhiwa kazi kulifaa, ila kuna bei. Mnyama alizoea mtu badala ya kuzoea watu, na kijana angekwenda skuli ya bweni kazi ingesimama. Mama aliingizwa wiki ya kumi na nne. Ilifaa aingie ya nane, mara tu sanduku lilipozoeleka.

Glovu ziliharibu pakubwa kuliko kamba. Kamba iliacha kidonda kinachopona. Glovu zilimfundisha kenge kwamba umbo la mkono ni adui, zikamnyima mshikaji hisia ya nguvu anayotumia, zikamfanya abane kupita kiasi. Bila shaka ndiyo sababu baba hajasamehewa. Njia iliyobaki kwake ni kuanza upya tangu kiti cha mita tatu, akiwa na fulana yake mwenyewe, na mpaka kisa hiki kinaandikwa hajakubali.

Kosa la mpango wenyewe ni kuchelewa kuweka kufuli. Kenge aliyetulia ana hatari ambayo kenge mkali hana: watu huacha kumwogopa. Kufuli na utaratibu wa wageni vilitakiwa viwepo siku banda lilipokamilika. Na mlo kwa mkono haukukatazwa kwa maneno yaliyo wazi kwa kila anayeingia uani. Waliokatazwa ni wa nyumbani tu.

Swali la kumrudisha bondeni limezidi kuwa gumu. Afya inaruhusu. Lakini mazoezi yaliyomtuliza yamemuunganisha zaidi na harufu ya binadamu, hata kama wekundu ndio unaotangaza chakula. Anayeanza na kenge aliyekamatwa karibuni, ambaye bado anakimbia watu, asifuate njia hii kabisa: amripoti, atibiwe jeraha, arudishwe alikotoka upesi, bila fimbo, bila fulana, bila jina.

Kwa huyu, jambo la kupangwa sasa ni ukubwa. Kenge wa maji huweza kukaribia mita mbili, na kwa kanuni ya mara mbili ya urefu wake, banda la mita 2.4 litamtosha mpaka afike mita 1.2 tu. Fundi ameshauriwa kuongeza chumba cha pili cha ukubwa huohuo, kikiunganishwa na cha kwanza kwa mlango wa kuteleza unaovutwa kwa kamba kutoka nje, ili usafi ufanyike upande mmoja mnyama akiwa mwengine. Sanduku la sentimita 130 litakapomwia fupi, zoezi lilelile la sekunde moja, tano, thelathini litahamia kwenye mlango huo, na lianze kabla ya masika, jua likiwa bado la kutegemewa.